Mtoto Aliyekuwa Akimeza-meza

Mimi ni mwepesi wa kugomba, na kwa muda mrefu nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nilipohamishiwa kuwa tabibu wa zahanati ya Getanuwas kutoka Kigoma, nilikuta watoto wenye kikohozi wakipelekwa kwa fundi wa kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Jumatatu moja ya kliniki nilimsimamisha mama mmoja aliyeficha kwamba mwanawe amekatwa, mbele ya benchi zima, nikamsema mpaka akalia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamalizia, nikajiona nimefundisha.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo akaja bibi mmoja wa jamii ya wafugaji, amembeba mjukuu wake wa kama miaka miwili. Nilimwamkia, nikamvua mtoto blanketi. Viganja vilikuwa vyeupe, midomo myeupe, amelegea. Bibi alisema ni homa tu. Nilipima malaria, hakuna. Nikauliza kama kuna mtu amemkata popote.

"Hapana, daktari," alijibu akitazama sakafu.

Mtoto alikuwa ameishiwa damu, nami sikujua imekwenda wapi. Gari la wagonjwa lilikuwa Katesh, kwenye hospitali ya wilaya, na sisi hatuna damu ya kuongeza. Nilichokuwa nacho ni kishikwambi tulichopewa ili tuongee na daktari bingwa wa watoto wa hospitali kubwa. Nikakisimamisha dirishani, mahali pekee penye mtandao, nikapiga.

Mzee yule namheshimu mpaka namwogopa. Mwezi mmoja kabla ya hapo aliniuliza swali mbele ya wenzangu wa vituo vingine, wote tukionekana kwenye kioo kimoja, kuhusu kipimo ambacho sikuwa nimekifanya. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mgeuze mtoto nimwone." Nikamgeuza. "Mbona amesinzia lakini anameza-meza? Umeangalia koo?"

Sikuwa nimeangalia. Mtoto alikuwa amebana meno, nami nikasema moyoni nitarudi baadaye.

"Ndiyo, daktari," nikasema. "Koo ni safi."

Alinitazama. "Haya. Weka dripu, ita gari, halafu angalia tena. Mimi sikati simu."

Muuguzi wa zahanati akapiga simu Katesh. Mimi niliupata mshipa kwa bahati tu. Mtoto akameza. Akameza tena. Nilikuwa nimemdanganya mtu pekee ambaye angeweza kunisaidia, na hofu iliyonishika pale sikuwahi kuijua. Muuguzi akamshika mtoto kichwa, nami nikachukua tochi, nikamfungua kinywa. Nyuma kulikuwa na bonge la damu, na kimeo hakipo. Damu mbichi ilikuwa ikichuruzika kwenda tumboni.

Nilirudi dirishani. "Daktari, nilisema uongo. Sikuwa nimeangalia. Amekatwa kimeo, anavuja damu."

Nikasubiri anigombeze. Ningestahili.

"Nimesikia," akasema. "Mkalishe, ainame mbele. Chukua chachi, iloweshe adrenalini, ishike na koleo, ubonyeze palepale. Usiachie mpaka nikwambie."

Bibi alimpakata, muuguzi akashika kichwa, mimi nikabonyeza chachi ile yenye dawa ya kubana mishipa. Mtoto alipiga mateke, akatapika damu nyeusi kwenye koti langu, kisha akalegea zaidi, na nikadhani nimemuua. "Anapumua, namwona," ikasema sauti ya dirishani. "Endelea." Sijui zilikuwa dakika ngapi. Aliponiambia niachie, vidole vyangu viligoma kufunguka. Damu ilikuwa imesimama.

Gari lilipofika nilipanda nao. Tukiwa njiani nikamuuliza bibi, safari hii polepole, kwa nini hakuniambia.

"Jumatatu nilikuwepo pale kwenye benchi," akasema. "Wewe unagomba sana, daktari. Nikaogopa."

Bibi aliniogopa mimi, mimi nikamwogopa mzee wa kwenye kioo, na muda wote huo mtoto alikuwa akimeza damu yake mbele ya macho yetu.

"Nisamehe, bibi," nikamwambia.

Alivuta blanketi chini kidogo ili koo la mtoto lionekane, na tukalitazama wote wawili hadi Katesh, tukiomba asimeze tena.