Pengo Kwenye Minyaa

Kabla ya ukuta kulikuwa na ua wa minyaa, na kwenye minyaa ile pengo la upana wa mtu mmoja. Upande huu alikaa Omosa, Mkisii aliyekuja mjini Oyugis, Ujaluoni, na mikungu ya ndizi akaishia kuwa na duka la vitambaa. Upande wa pili alikaa Phelesia, mjane Mjaluo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Omosa na watu wake walikuwa Wasabato, Phelesia Mkatoliki asiyekosa misa. Basi Jumamosi, Omosa akienda kanisani, Phelesia alipenya pale kwenye pengo na ungo wake, akachambua omena barazani pamoja na Nyasuguta, mama mzazi wa Omosa, ambaye miguu ilikuwa imemwisha nguvu. Jumapili Omosa naye alivuka, akakaa mlangoni pa Phelesia na redio yake mpaka misa iishe. Miaka tisa ilipita hivyo, wala hakuna aliyepotewa na kijiko.

Mwaka wa tisini na saba wezi wakavunja nyumba mbili karibu na soko, juma moja, na mwenye nyumba mmoja akakatwa panga mkononi. Tangu hapo Omosa hakupata usingizi. Alichukua daftari kuukuu la mwanawe Machuki, akachora boma lake lote, akaweka alama ya msalaba kila mahali ambapo mwizi angeweza kupita. Msalaba wa kwanza aliuweka kwenye pengo.

"Hapo anapita Mama Phelesia," mkewe Bonareri akamwambia. "Si mwizi."

"Akipita yeye, mwizi atashindwaje?"

Usibishane na mtu aliyeshikwa na hofu, hasa akiwa na kalamu mkononi. Minyaa iling'olewa yote. Ukuta wa matofali ukapanda kumpita mtu mrefu, juu yake vikapandwa vipande vya chupa. Geti likawa la chuma, na kufuli tatu za kufungwa kwa nje. Madirisha yakatiwa vyuma. Omosa aliuzunguka ukuta ule kila jioni akiupapasa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akawa anakoroma.

Mafundi walipokuwa wangali wanachimba msingi, Phelesia alikuja akasimama pale palipokuwa na pengo.

"Baba Machuki, mimi sikatai ukuta. Lakini wacha hata mlango kidogo hapa katikati. Mimi nitakuwa napita wapi?"

"Sasa utapumzika, mama. Jumamosi nenda soko, uza omena yako. Nyumba itajichunga yenyewe."

"Na Jumapili yangu?"

Kesho yake Omosa alimpelekea kufuli mpya. Kufuli! Mtu amekulindia nyumba miaka tisa, akakutunzia na mama yako, wewe unamshukuru kwa chuma. Na hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi. Alidhani kwa dhati kwamba amemtua jirani yake mzigo.

Sabato ya kwanza alipofunga geti, Nyasuguta alisema kutoka ndani, "Mwanangu, unanifungia kama kuku."

"Ni kwa usalama wako, mama," Omosa akajibu, akatia funguo zote katika koti la kanisani.

Ilikuwa Sabato ya tatu, mahubiri yamefika katikati, Phelesia alipotokea mlangoni mwa kanisa bila kitambaa kichwani. Mikono yake ilikuwa inavuja damu hadi viwikoni.

"Ufunguo!" akapiga kelele. "Baba Machuki, lete ufunguo! Wanaua mama!"

Wezi walikuwa wamepitia nyuma, kwenye mahindi, kwa ngazi na magunia ya kufunika vile vipande vya chupa, kisha wakaivuta ngazi ndani. Ukuta ukawaficha wasionekane barabarani. Ndani walimkuta kikongwe peke yake, wakamdai ufunguo wa chumba cha kulala, nao ufunguo ulikuwa kanisani ukisikiliza mahubiri. Walimpiga kwa ajili ya kitu ambacho hakuwa nacho.

Omosa alifika getini, akazichanganya funguo, akajaribu ya kwanza kwenye kufuli ya tatu na ya tatu kwenye ya pili, huku majirani wamesimama nyuma yake na marungu yasiyo na kazi. Walipoingia, wezi walikuwa wameshaondoka na cherehani moja na redio. Nyasuguta hakuwa barazani. Alikuwa amejikokota kwa tumbo uwanja mzima, akalala chini ya ukuta, mahali palepale palipokuwa na pengo. Alikata roho kabla gari halijapatikana.

Walimzika kwao Gusii. Waliporudi, Omosa alimuuliza Phelesia alichokuwa akiogopa kuuliza.

"Aliniita kwa jina," Phelesia akasema, akiitazama mikono yake iliyofungwa bandeji. "Nilijaribu kupanda, chupa ikanikata. Nikamwambia, ngoja mama, nakimbilia ufunguo. Akasema, usiende, kaa hapa na mimi. Nikaenda."

Omosa alilia mbele yake kama mtoto, wala hakujificha.

Jumapili iliyofuata alibomoa ukuta pale katikati kwa nyundo, upana wa mtu mmoja, akavuka na kigoda chake, akaketi mlangoni pa Phelesia bila redio. Ile kufuli mpya ilikuwa bado kwenye karatasi yake, dirishani. Phelesia alijifunga kitambaa chake, akampita, akaenda misa akiacha mlango wazi.