Uso wa Esnath kwa Brashi Pana

Amoni alikuwa amechora mabango Tukuyu kwa miaka kumi na tisa. Kila bucha yenye ng'ombe anayecheka na kila saluni yenye dada wa nywele za kumeremeta ilikuwa kazi yake, na alijiona hana mpinzani. Alipoonyeshwa picha za Doreen, mpwa wake aliyesomea sanaa chuoni, aliangua kicheko.

"Mwalimu, hiki ni kidevu au mtu kamwaga uji?"

Lakini Amoni mwenyewe alihitaji kufundishwa naye kuchora uso wa mtu halisi. Mama yake, Esnath, alikuwa amechoshwa na misiba ya siku hizi: pembeni ya jeneza picha ya kitambulisho iliyokuzwa, marehemu kakodoa macho kama kakamatwa na mahindi ya watu. Yake aliitaka ya kuchorwa, tena aione angali hai.

"Ukishindwa, gwe Amoni, naenda Kiwira kwa Hasheem anipige picha."

Hasheem! Mtu wa kubonyeza kidude!

Doreen akamnyang'anya brashi ndogo, akampa pana na rangi za mafuta. "Pigo moja, mjomba, halafu liache. Usilirudierudie."

"Uvivu huo mnausomea miaka mitatu?"

Esnath alikaa kigodani asubuhi tatu. Siku ya tatu uso ukatokea, mkali, kwa mapigo machache tu. Doreen alifurahi mno. Kwa Amoni ulikuwa kama ukuta uliopigwa lipu nusu. Doreen alipoondoka, akatoa brashi yake ndogo akaulainisha uso: makunyanzi yakafutika, meno yakatimia, mashavu yakang'aa.

Esnath akatazama. "Huyu nani? Mke wa mbunge?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Umenipeleka saluni. Niitie bodaboda, naenda Kiwira."

Akaanza kujifunga khanga ya safari. Amoni akashika kisu, akaukwangua uso wote. Kwa mvua za Tukuyu rangi ilikuwa bado mbichi. Alipoinua macho, mama yake alikuwa mlangoni akimtazama, mdomo kaubetua, jicho moja kalifinya, kama anavyowatazama wauza ndizi wa sokoni. Amoni akachota rangi kwa brashi pana. Akapiga, akaacha. Akapiga, akaacha. Brashi ndogo ilikuwa karibu na goti lake, hakuigusa.

Esnath akasogea, akainama.

"Huyu mwanamke ananidharau."

"Anadharau kila mtu, mama."

Akaikagua tena, kwa muda mrefu. Kisha akaifungua khanga, akaketi.

"Basi ndiye. Ukimgusa tena nakukata vidole."