Resori za Lweba

Mimi shule ya msingi sikuimaliza. Lakini muulize yeyote hapa Baraka nani aliifufua ile motokari kuukuu ya mapadri, yenye taa za macho ya chura, atakuonyesha nyumba yangu. Injini niliifufua kwa mikono hii. Rangi nilipaka mwenyewe. Kilichonishinda ni kiti cha nyuma. Kuku walikuwa wametagia humo miaka na miaka, na resori zake, zile chuma za kujiviringa zinazombeba mtu, zilikuwa zimeliwa na kutu hata ukizigusa zinavunjika.

Na mimi kiti ndicho nilichokitaka kuliko injini. Siku nilipokwenda kuposa kule Fizi, mama mkwe wangu alisema mbele ya ukoo mzima: "Huyu hana hata kiti. Mutoto wangu ataikala wapi?" Tangu siku ile alikuwa hajakanyaga kwangu. Sasa alikuwa amekubali kuteremka Baraka, mjukuu wake abatizwe. Nikaapa atateremka amekalia kiti changu, tena cha resori.

Fundi wa makochi pale sokoni akaniambia, "Patron, tuweke ubao na sponji, tumalize." Nikamtazama. Mtu anayekuharakisha ana lake. Uvira nako nilituma watu, hawakupata kitu. Mwishowe mama mmoja muuza ndakala, dagaa wa ziwani, akanieleza kwamba Lweba kuna mzee mwenye mitumbwi ya mota, na barazani kwake watu wanakalia kiti cha motokari iliyokufa zamani, ya aina ile ile.

Nikaenda. Nikakikalia. Kikanirusha juu kidogo, kikanipokea. Uso niliufunga, furaha isionekane. Kwetu ukiuliza kitu cha wakati wa Wabelgiji, hakuna anayekifikiria kile kitu. Wanafikiria kilichofichwa ndani: dhahabu, au ile merkiri nyekundu, zebaki ya bei ya ajabu, ambayo hakuna aliyeiona kwa macho lakini kila mtu anamjua mtu aliyeiuza.

"Unatafuta nini kwa kweli?" mzee akauliza.

"Kiti tu, muzee."

"Mutu wa nyumba za mabati, anatoka Baraka sababu ya kiti ya kuoza?"

Nikaona nimdanganye kidogo. "Ni ya kuku zangu. Zitagie."

Hapo niliharibu. Akamwita mke wake aliyekuwa ndani. "Mama, kuja usikie! Patron anatafutia kuku kiti ya Babeleji!" Wakacheka wote wawili, lakini macho ya mzee hayakucheka. "Rudia kesho," akasema.

Niliporudi nilikuta kiti kimepasuliwa kama mbuzi wa sikukuu. Singa za farasi zilizokuwa ndani yake zimetapakaa uwanja mzima. Chuma peke yake ndizo zilizobaki, nzima, zimetupwa kando ya choo.

"Chukua kitanda ya kuku zako," akasema bila kunitazama.

Nikazichukua mbio. Ila njiani nikaanza kujiuliza: mbona amenipa kirahisi hivi? Na mfuko wa shati lake, mbona aliufunga kifungo? Hata leo nikisikia ameongeza mota nyingine, ninauliza ametoa wapi.

Resori nilizifunga kwa kamba za nyavu, fundo la wavuvi, lile ambalo likilowa linazidi kukaza. Juu nikajaza nyuzi za mchikichi zilizopondwa vizuri. Kushona kitambaa cha buluu nilimpa yule fundi wa makochi, lakini uani kwangu, na mimi nimekaa mbele yake mpaka mwisho. Alikuwa anabonyeza bonyeza kile kiti kupita lazima.

Tukapanda Fizi, mke wangu na mimi. Mama mkwe akatoka na kikapu chake. Nikageuza uso pembeni kama inavyompasa mkwe, nikafungua mlango. Hakuingia.

"Uliza bwana yako," akamwambia binti yake, "mule mwa kiti muko nini."

"Mama anauliza..."

"Nimesikia. Umwambie muko resori."

"Umwambie habari ya kiti ya Lweba ilifika mpaka huku. Mi siikalie kitu ya kufichwa, ya kuuwisha bantu."

Majirani walishatoka nje. Nikajua ni nani aliyepeleka maneno: yule fundi, na vidole vyake.

Ningebishana, angerudi ndani, na lile neno la siku ya posa lingebaki neno la kweli. Nikatoa kisu. Nikakipasua kile kitambaa kipya toka mlango hadi mlango, nikatoa nyuzi mafungu mafungu nikazitupa chini, mpaka resori zikabaki uchi. "Umwambie aangalie."

Akainama. Akapitisha mkono kati ya chuma na chuma, mpaka chini kabisa. Halafu akavua kitenge cha juu, akakikunja, akakitandika juu ya zile chuma, akaketi.

Kuteremka kote, kila shimo resori zililia na yeye akarushwa. Mimi nilishika usukani, macho mbele, kioo cha kutazamia nyuma nilikuwa nimekigeuza kwa heshima. Tulipofika nyumba za kwanza za Baraka nikamsikia: "Umwambie bwana yako, nimeikala."

Nilipunguza tu mwendo pale sokoni, ili wote waone, na yule fundi aone. Nyumbani nikamfungulia mlango, nikatazama chini, ndipo nilipouona mkono wake. Ulikuwa bado chini ya kitenge, unapapasa kati ya chuma.