Nilimkana Kaka Yangu Mbele ya Sahani ya Kuku

Sitaki mnihurumie. Nilichofanya nilikifanya nikiwa na akili zangu timamu, sijalewa, sijalazimishwa na mtu. Nilimkana kaka yangu wa tumbo moja, mchana kweupe, na nikala chakula alichonipikia.

Mimi ni muuguzi hapa Doha, naishi Al Mansoura. Kaka yangu Wafula alitangulia kuja, akanitafutia njia, nami nikafuata. Mwanzoni alikuwa dereva wa familia moja kule Muaither. Baadaye kafili wake, yule Mwarabu aliyemdhamini kuja, akampeleka shambani, mbele ya Umm Salal, achunge mbuzi na kumwagilia mitende. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo nyumbani Bungoma Wafula ndiye mwenye boma.

Mwaka jana nikampata Dennis. Mkenya mwenzangu, wa Vihiga, anafanya kazi ya kompyuta, ana gari lake, anaongea taratibu. Aliponiuliza kuhusu familia nikamwambia kaka yangu ni msimamizi katika kampuni fulani hapa hapa. Ulimi wangu ulisema wenyewe, nami sikuurudisha.

Mwezi wa tatu ulipoanza, baridi imepungua na joto halijafika, siku ambazo Doha nzima hutoka kwenda jangwani, Wafula akanipigia. "Kuja Ijumaa, kafili amekubali nipate wageni. Nimekufugia jogoo." Alikuwa hajaona mtu wa kwao kwa miezi mingi.

Sikuwa na gari. Dennis alikuwa nalo, na dadake Lilian alikuwa akitafuta mahali pa kupiga picha. Nikawaambia najua shamba moja huko kaskazini, tutakula vizuri. Njia nzima nikajiambia kwamba tukifika nitaeleza ukweli. Walicheka, wakaweka muziki, nami nikacheka nao.

Tukafika. Wafula akatoka mbio bandani, amevaa gambuti, kitambaa kichwani, ananuka mbuzi. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, anacheka.

Lilian akashika pua. "Huyu ni nani tena?"

Nikasema, "Ni mfanyakazi wa hapa. Ndiye atatupikia."

Niliiona mikono yake ikishuka. Alinitazama mara moja tu, halafu akatazama gari, akatazama viatu vya Dennis. Si mjinga kaka yangu. "Karibuni," akasema. "Karibu, madam."

Ningeweza kurekebisha hapo hapo. Ningesema nilikuwa natania. Nikaomba maji ya kunywa.

Dennis si mtu mbaya, aliamini nilichomwambia. "Boss, hiyo gari imeshika vumbi mbaya. Hebu iguze maji kidogo, tutakupea kitu." Wafula akachukua ndoo na mpira wa maji, akaliosha gari lote mpaka magurudumu. Lilian akamtaka amshikilie mtoto wa mbuzi apige picha, kisha akamwambia, "Sogea, unaharibu." Akasogea.

Alikuwa ametandika mkeka kwenye kivuli cha mitende. Ugali, mboga za kunde alizopanda mwenyewe kando ya bomba, na yule jogoo. Alitunawisha mikono mmoja mmoja, birika mkono mmoja, beseni mkono wa pili. Aliponifikia mimi, maji yalikuwa ya uvuguvugu. Anajua siwezi maji baridi tangu utotoni.

Firigisi aliiweka juu kabisa ya sahani. Mluhya hahitaji kuelezwa. Firigisi ni ya mwenye boma, na tangu baba atutoke hakuna mtu mwingine aliyeigusa nyumbani kwetu ila Wafula.

Dennis akaichukua. "Hii ni ya mwenye boma. Na leo mwenye boma ni mimi, ama vipi boss?"

Wafula alikuwa amesimama na lile beseni. "Ni yako, mkubwa."

Dennis akaitafuna. Mimi nikakata tonge langu, nikachovya mchuzi. Ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe.

Tulipoondoka Dennis alimpa noti, akaipokea kwa mikono miwili. Nilimtumia Wafula ujumbe wa kuomba radhi usiku ule, na siku zilizofuata. Aliusoma kila mmoja, hakujibu hata neno.

Baada ya wiki kadhaa Dennis akasema anataka kwenda kwetu kujitambulisha. Nikampigia mama, akafurahi mpaka sauti ikamkauka. "Wafula anakuja likizo mwezi wa nane, atawapokea. Miaka minne sijamwona mtoto wangu."

Nikachukua teksi peke yangu mpaka shambani. Nilimkuta akimwaga majani kwenye hori. Nikapiga magoti kwenye samadi, nikalia, nikamwomba aje nyumbani akae kwenye kiti cha baba, ampokee Dennis.

Aliendelea kumwaga majani mpaka gunia likaisha.

"Sina neno na wewe," akasema. "Lakini firigisi ilishaliwa, na wewe ulikuwa hapo. Aliyeila ndiye mwenye boma. Mwambie ajipokee mwenyewe. Yalla, nenda, madam, mbuzi wananingoja."

Nikamweleza Dennis kila kitu. "Uliniacha nimtume shemeji yangu anioshee gari," akasema. "Mimi nikiishiwa, utaniita nani mbele za watu?" Hajarudi tena.

Huyo nilimlilia, nikamaliza. Ninaloshindwa kulimeza ni hili: Wafula hakumwambia mama kitu. Alimdanganya kwamba kafili amemnyima likizo. Mama hunipigia kila Jumapili, analia, anamlaani yule Mwarabu wa watu, ananisihi nimwangalie kaka yangu. Nami namjibu, "Sawa, mama."

Wewe unayesoma hapa, kama una ndugu anayechunga mbuzi, anayefagia, anayelinda geti la watu, sikiliza. Taja jina lake mkiwa bado njiani, gari likitembea. Mkifika, shuka wewe wa kwanza, umkumbatie na harufu yake yote. Mimi nilingoja nifike ndipo niseme, na nilipofika nikasema lile lingine.