Ya Pili Kutoka Wapi?

Kwa wiki sita sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya neno moja dogo: pili. Najua utacheka. Ngoja nimalize, kisha ucheke ukiweza. Haya ninayokueleza sikuyasikia kwa jirani wala sikuyaota. Yalinipata mimi, saa kumi mchana, nikiwa sijaonja hata kikombe kimoja cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi.

Mwaka ule, kabla ya uhuru, nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na diploma yangu ya umakanika, nikapata kazi katika gereji moja ya Bukavu. Mimi ni mtu wa kurudi nyumbani kuangalia kama nimefunga mlango, kisha kurudi tena kwa hofu kwamba nilipokuwa nikiangalia niliuacha wazi. Kwa injini tabia hiyo ilinisaidia. Nilikaza kila nati mara tatu. Patro wangu, mwenye gereji, alisema nachelewesha kazi, lakini magari yangu hayarudi.

Moja lilirudi. Halikurudi kwa magurudumu yake.

Lilikuwa lori la Kimarekani, kamio kama tunavyosema sisi, lenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja kutoka mbele kwenda nyuma. Dereva wake, Papa Donati, alibeba pamba kutoka Luvungi, chini katika bonde la Ruzizi, hadi Bukavu. Siku moja aliingia gereji, akaegemea mlango wa kamio akaniambia, "Mutoto, ile ya pili inakufa."

Sikuuliza kitu. Nilifungua injini, nikahesabu kama mwalimu alivyotufundisha, kuanzia kwenye rejeta: un, deux. Nikatoa supapu ya silinda ile ya pili, kile kifuniko kinachofungua na kufunga mlango wa moshi. Haikuwa mbaya sana, lakini niliweka mpya, nikaisugua mpaka ikakaa vizuri. Nikafunga. Papa Donati akawasha, akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Bado inachechemea."

"Papa, hiyo ni sauti ya bomba tu. Bomba liko na tundu. Bomba linadanganya."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Haya. Wewe njo uko na diplome," akasema, akaondoka.

Siku nne baadaye, akipanda mteremko wa Ngomo na mzigo wa pamba, kamio ilikosa nguvu kwenye kona ya tatu chini ya kizuizi cha juu, pale magari yanapongojea zamu. Ikazimika. Breki hazikuweza kushika uzito ule. Ikarudi kinyumenyume hadi bondeni. Alikuwa peke yake ndani. Ripoti ya ofisi ya kampuni yake ya pamba ilisema dereva alikuwa amelewa. Kwa neno hilo, mjane wake, Maman Veronika, aliambiwa ahame nyumba ya kambi ya madereva mwisho wa mwezi uliofuata, yeye na watoto watatu. Na pale Kadutu, mtaa wa kambi ile, watu waliokula naye sikukuu walianza kumsalimu kwa mbali.

Mimi nililala macho wazi. Nilitengeneza ya pili? Nilitengeneza. Vizuri? Vizuri sana. Basi kwa nini silali? Nilijijibu kila usiku, na kila usiku jibu lilikuwa sahihi, na bado sikulala.

Wiki ya sita patro akanituma Ngomo kubadilisha mkanda wa feni wa gari la mfanyabiashara mmoja. Barabara pale ilikuwa nyembamba, magari yakipita kwa zamu: saa fulani wanapanda, saa fulani wanashuka. Kizuizi cha juu kililindwa na muzee Fideli, mtu mfupi mwenye koti la jeshi la zamani. Kazi yangu ilipoisha, mfanyabiashara akaenda zake kwa upande wa Uvira, nami nikakaa na muzee Fideli kungoja gari la kunirudisha mjini. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Magari hayakuonekana hata hatua ishirini, lakini muzee Fideli hakujali. Alikuwa anayajua kwa masikio.

"Huyu ni père wa misioni," alisema, na kweli, baada ya dakika tano ikatokea gari ndogo ya padri. "Huyu sasa ni yule mugiriki, kamio yake inachemka sawa na sufuria ya maharagi." Ikatokea.

Nikafurahi kuonyesha elimu yangu. Nikamweleza kwamba kila silinda inatoa pumzi yake kwa zamu, na sauti tunayoisikia ni hizo pumzi zikifuatana ndani ya bomba. Silinda nne, pumzi ziko mbalimbali, unaweza kuzihesabu. Sita, zinakaribiana mpaka zinakuwa kama mtu anayeimba bila kufunga mdomo. Ile ya mugiriki ina nane, nne upande huu na nne upande ule, na pumzi za upande mmoja hazipokezani sawasawa, ndiyo maana inachemka. Tena urefu wa mabomba hauko sawa. Pumzi inayotoka mbali inafika na sauti nyingine, kama vile mtu anayekuita akiwa jikoni na anayekuita akiwa mlangoni.

"Njo ile batu balikufundisha?" muzee Fideli akauliza. "Miaka ngapi?"

"Minne."

"Mimi nilifundishwa na ukungu. Bila feza ya shule." Akacheka peke yake.

Kisha akaacha kucheka.

Kutoka chini ilikuja sauti ya silinda sita. Lakini niamini, haikuwa sita. Ilikuwa tano na shimo. Tu-tu-tu-tu-tu, kimya. Tu-tu-tu-tu-tu, kimya. Mwili wangu uliijua kabla ya kichwa. Injini ambayo umeifungua kwa mikono yako unaijua kama kikohozi cha baba yako.

"Kaa," muzee Fideli akasema polepole. "Huyu hafikaki. Kila siku ya ukungu anapanda mpaka ku virage ya tatu, anasimama. Nilienda kuangalia mara mbili. Hakuna kitu."

Sauti ilifika kona ya tatu, ikasimama pale, ikiunguruma bila kuzimika.

Kwa nini nilishuka? Mimi, mtu wa kupima kila kitu mara tatu? Sijui. Labda kwa sababu kwa mara ya kwanza katika wiki sita nilikuwa na kitu cha kwenda kuangalia.

Ilikuwa pale. Kamio ya kijani, mzigo wa pamba nyuma, kioo kimefunikwa na umande. Papa Donati alikuwa ameketi mahali pake, kofia yake kichwani, mkono mmoja juu ya usukani. Hakuwa na damu wala macho ya moto. Alikuwa amechoka tu, kama dereva yeyote wa saa kumi. Hofu yangu ilikuwa ndogo kuliko ile niliyoizoea kitandani.

"Ulikawia," akasema.

"Papa, nilitengeneza ya pili. Nakuapia."

"Weka mukono."

Nilielewa. Ndivyo tunavyofanya sisi mafundi: unaweka kiganja mdomoni mwa bomba, unasikia kila pumzi. Nilienda nyuma ya kamio, nikaweka. Joto, joto, joto, joto, joto. Halafu moja baridi, kama maji ya ziwa asubuhi. Tano za joto, moja ya baridi, bila kukosea hata mara moja.

Nilirudi kwenye mlango wake. Nadhani nilikuwa nalia. "Lakini nilihesabu, Papa. Un, deux. Nilihesabu kutoka kwenye rejeta."

Alinitazama kama siku ile gereji. Kisha akainua mguu wake wa kulia, akagonga ukuta wa bati ulio mbele ya miguu ya dereva, pale injini inapoishia.

"Mimi minakaa huku," akasema. "Hesabu kutoka kwangu."

Ukungu ulisogea kati yetu. Ulipopungua, barabara ilikuwa tupu na matope hayakuwa na alama ya kamio ile, ila nyayo zangu tu: zimeshuka, zimezunguka mahali ambapo hakuna kitu, zimesimama.

Muzee Fideli hakuniuliza nilichokiona. Alinipa chai tu, akaniuliza kwa nini nashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Kiganja cha kulia kilikuwa na duara la baridi katikati. Liko mpaka leo. Mke wangu analijua; nikimgusa shavu asubuhi anasema, "Geuza mukono."

Kesho yake, kabla mtu mwingine hajafika, nilienda uani kwa gereji. Mabaki ya kamio yalikuwa yamevutwa hadi pale ili tuchukue vipuri. Nilifungua kichwa cha injini. Ya pili kutoka kwenye rejeta: supapu yangu mpya, inang'aa, kazi nzuri kabisa. Nikasimama upande wa dereva, nikahesabu kutoka kwake. Moja. Mbili. Ile ilikuwa imeungua, ukingo wake umemegeka kama biskuti.

Unaona? Mimi na yeye tulikuwa tumesema neno lile lile.

Patro alipoiona supapu mkononi mwangu alifunga mlango wa ofisi. "Ripoti imeandikwa," akasema. "Aliyekufa hatatengenezwa. Wewe uko kijana. Tupa hiyo kitu."

Nilikaa nayo mfukoni siku mbili. Unanijua sasa: nilipima. Nikisema, nitafukuzwa. Nikinyamaza, mwezi unaisha baada ya siku kumi na moja. Labda hawatanisadiki. Labda watanisadiki, kisha iweje? Siku ya tatu nikagundua kwamba ninahesabu tena kutoka upande wangu.

Nilipanda Kadutu. Maman Veronika alikuwa akifunga vyombo ndani ya mkeka. Nilimwekea supapu mkononi, nikamweleza yote, na la kona pia. Akaigeuza kiganjani, akapitisha kidole kwenye ukingo uliomegeka.

"Mashati yake nilifua miaka kumi na mbili," akasema mwishowe. "Hata siku moja hayakunuka pombe. Niliwaambia. Nani alinisikia?" Kisha akanitazama. "Na wewe, kwa masomo yako yote ile, hawakukufundisha kuuliza?"



Ndiyo maana nakuonya, wewe unayesoma, uwe fundi, muuguzi au karani. Mtu akikuambia inamuuma ya pili, usikimbilie kuhesabu. Muulize kwanza yeye amekaa wapi.

Watu huniuliza kama kamio ya Papa Donati bado inapanda Ngomo siku za ukungu. Sijui. Sijarudi kusikiliza, naogopa kusikia lile shimo likiwa bado lipo. Ninalojua ni hili: asubuhi ile Maman Veronika alivaa kitenge chake cha misa, akaifunga supapu ndani ya leso, tukashuka pamoja kwa miguu hadi ofisi ya kampuni. Karani alituuliza tunataka nini. Nikamwambia kuna neno moja katika ripoti linatakiwa kufutwa, na mtu wa kuandikwa mahali pake ni mimi. Nikalitaja jina langu, herufi kwa herufi, nikangoja mpaka amalize kuliandika.