Kidonge Kabla ya Chai

Kila asubuhi, fundi cherehani humeza kidonge chake cha kulinda tumbo akiwa amesimama, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Kisha huketi na kuikodolea macho chai yake mpaka muda aliopewa na daktari upite. "Tangu madaktari walipolipunguza kwa upasuaji, tumbo langu limekuwa kama la mtoto," humwambia mdogo wake anayeshona vifungo. "Na mtoto hulindwa." Siku kichwa kilipomgonga, mdogo wake alimletea vidonge vya maumivu, lakini yeye akavisukuma kando. "Hivyo vitanichubua tumbo, mama wee!" Chakula hukitafuna taratibu, kama anayesikiliza habari redioni.

Nguo za wateja huzikata bila huruma. Zake mwenyewe, ambazo sasa zinampwaya, huzibana tu. Kitambaa kilichozidi hukikunja ndani ya mshono, upana wa kiganja kizima. "Akiba hiyo," husema. "Mwili hauna ahadi, huenda ukanenepa tena."

Leo amemeza kidonge, ameketi, lakini macho hayakwenda kwenye chai. Ameligeuza ndani nje gauni lake la buluu, akaunyoosha mshono pajani, akashika mkasi.

"Dada! Na akiba je?"

"Tumbo dogo nalilinda kila kukicha," amejibu, mkasi ukianza kutembea. "Sasa kitambaa hiki namwekea nani?"

Vipande vimeanguka sakafuni, vikachanganyika na vya wateja. Muda wa daktari umepita zamani, na chai imepoa bila kutazamwa.