Kipini Kilichofuatwa kwa Fundi Cherehani

Wateja walimwita Mama Tone, kwa ajili ya vitone vya kioo alivyovivuta kwenye moto wa gesi na kuvigeuza hereni na vipini vya pua. Kabla ya hapo, kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa fundi kioo wa maabara ya chuo. Siku chuo kilipoanza kununua mirija iliyokuja tayari ndani ya makasha, alipewa barua ya shukrani akaambiwa akapumzike. Kupumzika kulimshinda siku ya tatu.

Kazi mpya ilianzia kwenye masikio ya binti wa kaka yake, aliyekuwa akiishi naye. Msichana alikuwa amenunua hereni za kung'aa, na wiki haikuisha ndewe zikavimba na kutoa maji.

"Ni nikeli iliyomo kwenye hicho chuma," muuguzi wa zahanati alisema. "Ngozi yako haielewani nayo."

Masikio yalitibiwa yakapona, lakini kila hereni aliyojaribu ilimwasha upya. Shangazi akawaza: kioo cha maabara hukaa na tindikali kutwa nzima bila kubadilika, kitagombana vipi na sikio? Akayeyusha kijiti kimoja, akatengeneza jozi laini isiyo na kona, akaichemsha, akamvisha. Baada ya mwezi msichana alisema, "Shangazi, nasahau hata kama nimevaa kitu."

Habari zikasambaa. Wengi waliingia kwenye chumba chake cha mbele alikofanyia kazi na swali lilelile: je, hakitanivunjikia puani? Mama Tone hakuwa na maneno matamu. "Ukikiangusha sakafuni kinaweza kumeguka. Kikimeguka, kitupe. Ila kikiwa kizima na kimepozwa vizuri, utazeeka nacho."

Hapo kwenye kupozwa ndipo roho ya kazi yake ilipokuwa. Kioo kilichotoka motoni alikiweka kwenye tanuri la umeme kipoe polepole, saa baada ya saa, maana kikipoa kwa pupa hubaki na mkazo ndani usioonekana kwa macho. Ili kuuona mkazo huo, alikishika mbele ya mwanga, kati ya vioo viwili alivyovitoa kwenye miwani ya jua ya kuchuja mwanga. Kizuri hubaki kimetulia. Kibaya hutoa mistari ya rangi.

Jumamosi moja alichelewa. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alikuwa mlangoni anahimiza, ana harusi ya dada yake saa nane. Mama Tone akachukua kipini cha buluu kutoka tanurini, akakichemsha, akampa bila kukipima. Jioni alipopima kumi vilivyobaki, vyote vilitoa mistari. Kumbe umeme ulikatika wakati yuko sokoni, ukarudi kimyakimya.

Alivivunja vyote kumi kwa koleo. Kisha akajifunga kitenge, akatoka.

Alimkuta fundi cherehani ameshavua viatu, miguu juu ya stuli.

"Nimekuja kukichukua kipini changu."

"Changu, siyo chako! Nimecheza nacho mchana kutwa, kimepasuka wapi?"

"Bado. Ndiyo maana nimekuja leo."

"Mama Tone, hakuna mtu angejua."

"Mimi ninajua. Nawa mikono, ukitoe."

Alitoa vile vioo viwili vya miwani mfukoni, akakiweka kipini katikati, akamwonyesha chini ya taa. Fundi cherehani alitazama ile mistari kwenye kitu kilichokuwa puani mwake, akajishika pua. Mama Tone naye alikuwa na aibu. Ilibidi aiseme: "Nilikuwa na haraka. Haraka ilikuwa yako, lakini kosa ni langu." Alimpa kingine, cheupe, kilichopimwa wiki iliyopita. Cha buluu alikitengeneza upya Jumatatu, akakipima mara tatu mbele ya mwenyewe.

Wapo waliosikia wakaogopa, hawakurudi. Wengi zaidi walikuja kwa sababu hiyohiyo, na yule muuguzi akaanza kumwelekeza kila mwenye ngozi korofi. Tangu siku hiyo hakuna kilichotoka bila kupita kwenye miwani, hata mteja akilia mlangoni.

Miaka minne baadaye fundi cherehani alijikwaa kwenye ngazi ya duka lake, akaanguka kifudifudi. Mdomo ulipasuka, pua ikavimba, lakini kipini cha buluu kikabaki kizima. Uvimbe ulipopungua alikuja mbio kukisifu. Mama Tone alimwambia akitoe, akakipitishia ukucha taratibu, akakisogeza karibu na kioo cha kukuzia. Ukingoni palikuwa na kijipengo kidogo kuliko chembe ya chumvi.

Akakitupa kwenye ndoo.

"Wewe mwanamke!" fundi cherehani alipiga kelele, huku anacheka na kushika mdomo uliokuwa bado unauma.

"Kaa hapo," Mama Tone alisema, akiwasha moto wa gesi. "Unataka buluu ileile?"